Jicho la kulia liligoma: gari la harusi na kasoro niliyoinyamazia



Leo siandiki kuhusu shela, hina wala udi. Naandika kuhusu taa ya gari. Najua wengine mmeshaanza kucheka, lakini naomba mnivumilie, hasa wewe unayetarajia harusi miezi hii. Lililonikuta lingeweza kuwa msiba, Allah akaliepusha.

Ilikuwa Jumamosi usiku, mwezi wa sita, baridi ya Arusha imekolea. Nimemaliza kuswali Isha, nimejifunika khanga mbili, simu ikaita. Alikuwa bwana harusi niliyemkodisha gari siku ile. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayejizuia.

"Dada, hii gari yako taa moja haijafunguka. Tumenusurika."

Walikuwa wametoka kwenye walima hapa Engutoto, wanaelekea Usa River walikopanga kulala. Mpaka Tengeru barabara ina njia nne, wanaokwenda na wanaokuja wametenganishwa, na taa za magari mengine zinasaidia. Ukipita Tengeru unarudi kwenye njia mbili, uso kwa uso na malori. Hapo gari lililokuwa nyuma ya lori likachomoka kupita, likamjia. Dereva wake aliona taa moja tu, tena pembeni kabisa mwa barabara, akajua ni bodaboda, kwamba nafasi ipo. Bwana harusi akalitupa gari kwenye udongo kando ya lami. Hawakuumia. Bibi harusi alikuwa analia na shela lake limejaa vumbi.

Nilimwomba radhi, nikampigia jirani yangu mwenye teksi akawachukue. Halafu nikakaa pale pale juu ya mswala. Sikuweza kujiambia kwamba ni bahati mbaya, kwa sababu ile taa nilikuwa naijua.

Hilo gari lenyewe

Nina duka dogo la kushona na kukodisha nguo za harusi hapa Engutoto. Miaka miwili iliyopita mtu mmoja aliyekuwa anahama Arusha aliniuzia Mazda MX-5 ya zamani, ya rangi nyekundu, iliyoletwa kutoka Japani. Kule Japani gari hili liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Lilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Lina viti viwili tu na paa la turubai linalofunguka.

Viti viwili ndivyo vilivyonifanya nilinunue. Maharusi wakishafunga nikaha wanakaa wawili peke yao, hakuna dereva wa kusikiliza mazungumzo yao, hakuna shangazi aliyebanwa nyuma na masanduku. Bibi harusi wengi wenye haya walilipenda kwa sababu hiyo.

Kitu cha pili kinachopendwa ni taa. Mchana huzioni. Zimelala ndani ya boneti, zimefunikwa na vifuniko vya rangi ile ile ya gari. Ukiwasha, vifuniko vinainuka na taa zinatokeza kama macho ya chura. Watoto wa mtaani kwetu wanaliita hivyo hivyo, Chura. Kila nikipita wanapiga kelele, "Chura, fumbua!"

Taa za kuinuka si jambo jipya. Gari la Kimarekani liitwalo Cord 810, la mwaka 1936, lilikuwa nazo, na dereva alizungusha mkono mdogo kwenye dashibodi kuinua kila taa. Miaka ya 1970 na 1980 magari mengi ya mbio yaliwekewa, kwa sababu pua ya gari ilikuwa chini na sheria za nchi nyingi zilitaka taa ziwe juu kiasi fulani. Siku hizi hazitengenezwi tena. Taa za kisasa ni ndogo na zina nguvu, na sheria za kumlinda mtembea kwa miguu hazipendi kitu kigumu kinachotokeza mbele. Za mwisho kwenye magari yaliyouzwa kwa wingi ziliisha mwaka 2004. Mazda wenyewe waliziacha kwenye MX-5 ya toleo la pili. Kwa hiyo ukiona gari lenye macho hayo, jua ni mtu mzima na linahitaji matunzo ya mtu mzima.

Nilichokuwa nakijua

Wiki tatu kabla ya harusi ile, jicho la kulia lilianza kuchelewa. Nabonyeza swichi, la kushoto linainuka, la kulia linafikiri kwanza. Asubuhi za baridi ndiyo zaidi. Siku moja liligoma kabisa, nikabonyeza mara ya tatu likaja. Nikasema, basi, limepona.

Sikumwambia bwana harusi. Nilijisemea kwamba picha zinapigwa mchana, taa zimefunikwa, gari linang'aa, nani atauliza? Nilikuwa nimeshapokea pesa yote, na pesa yenyewe nilishaagizia lesi.

Mnakijua kile kisa cha Mtume, rehema na amani za Allah ziwe juu yake, alipopita sokoni kwenye rundo la chakula. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Nimekisikia kisa hicho darsani mara nyingi sana, na kila mara nilikuwa nawafikiria wauza mahindi. Usiku ule nilijifikiria mimi na kifuniko changu chekundu, kikavu juu, chini kuna kasoro.

Asubuhi nilimrudishia bwana harusi pesa yake yote. Aliipokea, na alikuwa na haki ya kuipokea.

Fundi wa kwanza na fundi wa pili

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi nyingine, na kianzio nilishakipokea. Jumapili hiyo hiyo nikalipeleka gari gereji moja. Kijana akafungua boneti, akaangalia dakika mbili, akasema mota imekufa, ya kuagiza Japani, miezi. "Au dada, tukate hizi waya tuvute umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikae juu basi."

Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni cherehani. Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa hakubali mtu afungue mashine inayoruka mishono kabla ya kubadilisha sindano, kutoa uzi na kuutunga upya. Alisema unaanza na kilicho rahisi na cha bure. Yule kijana alikuwa hajabadilisha sindano.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza umeme wa Land Rover za zamani, gereji yake ni bati tatu na mti wa mparachichi. Nikamwamkia, nikaanza kumwambia mota imekufa. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, mgonjwa hajitajii ugonjwa. Anasema anaumwa wapi. Wewe niambie gari linafanya nini."

Nawaandikia alivyokwenda hatua kwa hatua, kwa sababu nilijifunza mengi na mtu mwenye gari la namna hii anaweza kufuata.

Kwanza aliuliza, zimegoma zote mbili au moja? Moja. Akasema hapo tumeshapunguza nusu ya kazi. Kila taa ina mota yake, lakini fyuzi ya kuziinua na swichi ya kwenye dashibodi ni za pamoja. Zingelala zote mbili, tungeanza kwenye fyuzi, rilei na swichi. Imelala moja, basi tutafute upande wake tu.

Pili, kuna mlio? Alinituma nibonyeze swichi, yeye akainama kusikiliza. Mota ikiunguruma na taa haiinuki, umeme upo, kilichokatika au kukwama ni vyuma vinavyosukuma. Ikiwa kimya, umeme haufiki au mota yenyewe haiupokei. Yetu ilikuwa kimya.

Tatu, betri. Katika gari hili betri haiko mbele, iko nyuma kwenye buti, na wengi wanaisahau. Aliipima ikasoma volti 12.5 injini ikiwa imezimwa. Nzuri. Betri dhaifu inaweza kufanya taa zipande kwa kusuasua, ukadhani mota ni mbovu.

Nne, mkono. Juu ya kila mota kuna kitufe cha mviringo chini ya kofia ya mpira, unakigeuza kwa vidole na taa inapanda taratibu. Hicho kiliwekwa kwa ajili ya dharura kama ile ya Tengeru, na mimi miaka miwili nilikuwa sijui kama kipo. Lakini kabla ya kukigusa alichomoa fyuzi ya taa za kuinuka. Alinionya kwa ukali: mota ikistuka ukiwa umeweka mkono, vile vyuma havichagui kidole. Alipogeuza, mwanzo kulikuwa kugumu, halafu pakalainika, jicho likafumbua mpaka juu. Maana yake vyuma havijakwama.

Tano, plagi ya waya. Akaichomoa. Ndani pini zilikuwa na kutu ya kijani. Vumbi letu la Arusha ni laini kama unga, udongo wa volkano ya Meru, linaingia kila mahali, na mvua za masika zikija linageuka tope. Akazisafisha kwa dawa ya kupuliza na brashi ndogo. Akarudisha fyuzi, akaweka taa ya kupimia kwenye plagi, nikabonyeza swichi. Ikawaka. Umeme unafika. Akairudisha plagi kwenye mota. Kimya.

Sita, akachukua bisibisi, akaigonga mota kwa mpini, taratibu, kama unavyogonga mlango wa mgonjwa. Jicho likainuka! Nilipiga kelele nikidhani tumemaliza.

"Bado," akasema. "Ikiamka kwa kugongwa, ndani kuna kitu hakigusani vizuri. Italala tena."

Akaifungua mota, akapanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio wa zilivyotoka. Ndani kuna sahani ndogo yenye njia za shaba, na vidole vyembamba vya chuma vinavyoteleza juu yake. Hivyo ndivyo vinavyoiambia mota taa imefika juu au imefika chini, isimame. Grisi ya miaka zaidi ya 30 ilikuwa imekauka kama nta ya mshumaa, na shaba imekuwa nyeusi. Baridi inapozidi, grisi inazidi kuwa ngumu, ndiyo maana jicho lilichelewa asubuhi. Mota ilikuwa hai muda wote.

Akasafisha shaba mpaka ikang'aa, akanyoosha vidole kidogo sana vishike, akapaka grisi mpya nyepesi, akaweka mpira mpya wa kuzibia maji. Kisha akafanya vivyo hivyo upande wa kushoto ambao ulikuwa haujalalamika. "Hawa ni pacha," akasema. Tukainua na kushusha mara ishirini, tukipumzika katikati mota isichemke. Jioni akaliegesha mbele ya ukuta wake akawasha, akalinganisha miale ya taa mbili iwe kimo kimoja. Gari likalala kwake, asubuhi likajaribiwa kwenye baridi. Likafumbua macho yote mawili kwa pamoja.

Nilimuuliza kuhusu ile rai ya kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Akatikisa kichwa. Waya usiopita kwenye fyuzi ukikwaruzika na kugusa bodi, unawaka moto, na boneti liko mbele ya miguu ya maharusi. Anayetaka taa zikae juu azigeuze kwa mkono, achomoe fyuzi ya kuinulia, basi. Taa zenyewe zina fyuzi zao na zitawaka kama kawaida.

Simu kwa mama wa bibi harusi

Gari limepona. Je, bado nilikuwa na la kusema? Shetani wangu aliniambia hapana, kasoro imeondoka. Lakini ukarabati ulikuwa wa siku tatu tu, na gari lile lilikuwa limeshatoa watu barabarani. Nikaona wao ndio wa kuamua kama wanaliamini, siyo mimi.

"Mama, shikamoo. Kabla hujamalizia malipo, kuna jambo la gari nataka ulijue."

Nikamweleza yote, mpaka la Tengeru. Akakaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, ungenyamaza nisingejua." Nikamwambia ndiyo, nisingenyamaza tena. Nikamkumbusha pia kwamba katika fiqhi mkodishaji anayekuta kasoro inayoharibu manufaa ya kitu ana haki ya kuvunja makubaliano, kwa hiyo kianzio chake kipo, asione haya.

Siku ya pili baada ya Isha alikuja dukani na mkwe wake mtarajiwa. Wakaliwasha gari gizani, wakaliangalia kwa mbele kutoka umbali wa nyumba tatu. Nikamwonyesha kijana kitufe cha mkono na fyuzi, naye akafanya mwenyewe mara mbili. Mwisho mama akaamua: gari litumike mchana, kutoka nyumbani hadi ukumbini, na usiku maharusi watapelekwa na gari la mjomba. Akalipa nusu.

Nusu, dada zangu. Na fundi nilikuwa nimeshamlipa. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Nilihesabu hasara yangu usiku kucha. Lakini Jumamosi ile jua lilipozama nililala usingizi, sikuwa naiangalia simu.

Kwa wewe unayeolewa karibuni

Tunakagua lesi kwa kuigeuza ndani, tunanusa udi kabla ya kununua, halafu gari la harusi tunaliangalia kwenye picha ya simu. Nakuomba fanya haya, au mtume kaka yako afanye:

Lione gari usiku, siyo mchana peke yake. Liwashwe taa zote, za mbele, za nyuma, za breki na za kukatia kona, mtu mmoja asimame mbele na mwingine nyuma.

Kama taa ni za kuinuka, ziinuliwe na kushushwa mara tano. Ikichelewa moja hata kidogo, uliza. Kuchelewa ndiko kunakotangulia kugoma.

Atakayeendesha aonyeshwe kitufe cha kuinulia kwa mkono na fyuzi yake kabla ya siku yenyewe, siyo kwa simu usiku. Na kama safari itaingia giza, ziinuliwe kabla ya Magharibi na ziachwe juu. Picha mtakuwa mmeshapiga.

Mkiwa njiani na taa moja imekufa, msiendelee kwa kusema tumekaribia. Huku kwetu tunaendesha kushoto, na taa ya kulia ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara. Ikifa hiyo, anayekuja anakuona mwembamba na uko mbali kuliko ulivyo. Simameni mahali salama, muwashe taa za dharura, mpige simu.

Na muulize mwenye gari swali hili waziwazi: "Kuna kasoro yoyote unayoijua?" Mimi sikuulizwa, na nilijificha nyuma ya kutoulizwa. Ningeulizwa na mama wa mtu akiniangalia machoni, sidhani kama ningeweza kusema hakuna.

Na ninyi wenzangu wa biashara, mnaokodisha magauni, viti, mapambo, magari. Zipu inayokwama, kiti chenye mguu uliolegea, gauni lenye doa ndani ya mkunjo. Tunavijua wenyewe kabla ya mteja. Tuviseme.

Chura bado lipo, bado linafanya kazi. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nalifumbua na kulifumba mara tatu, watoto wa mtaa wakisimamia. Kwenye karatasi ya makubaliano nimeongeza mstari mmoja wa kasoro zinazojulikana, na najaza kwa mkono wangu. Wiki hii nimeandika: turubai lina kiraka kidogo nyuma upande wa kushoto, halivuji.

Yule bibi harusi wa Tengeru sijamwona tena. Kila nikikumbuka namwombea, yeye na mumewe, Allah awape kizazi chema na awalinde katika kila safari. Nanyi niombeeni. Allah atujaalie chumo la halali na atusamehe tunayoyafunika. Aamin.

Wassalaam alaykum.